«Maji tutakuta mbele»: safari yetu mu jangwa la Namib

Saa tisa ya muchana, moshi mweupe ulianza kutoka chini ya kapo ya motokari. Tulikuwa watu wane ndani ya Land Cruiser ya zamani, mu jangwa la Namib, inchi ya Namibia. Mbele yetu barabara ya changarawe tu, yenye kunyooka mpaka macho inachoka. Muti hakuna. Nyumba hakuna. Mutoto wa kuuzisha mahindi ya kuchoma kando ya njia, yeye pia hakuna.

Vieux, mukaniki wetu, alisema neno moja: «Simama.» Tulishuka. Tuyo ya radiatere ilikuwa imepasuka. Hiyo haikutuogopesha, juu Vieux alikuwa na ingine mu sanduku yake ya vyombo. Alianza kazi, na pasipo kuinua kichwa akauliza: «Tuko na maji ngapi?»

Wote watatu walinitazama. Miye njo nilikuwa mwenye kuchunga maji mu safari ile.

Ndugu wasomaji, mbele niwaambie tulikuwa na maji ngapi, inafaa niwaeleze kwanza namna gani watu wa Lubumbashi, watu wa mvula na matope, walijikuta kule.

Shaba inashuka, Thomson inapanda

Miye ni delege wa sendika mu mugodi mumoja wa hapa Katanga, mwaka wa kumi na tano sasa. Ndugu zetu wafanyakazi wa migodi ya Namibia walitualika ku mukutano juu ya vumbi na magonjwa ya mapafu, kule Swakopmund, pembeni ya bahari. Sanduku yetu ya sendika ilikuwa na makuta ya tikiti moja ya ndege, moja tu. Tulikaa, tukapiga hesabu. Na makuta ile ile, kila mutu akiongeza kidogo, watu wane wanaweza kwenda na motokari, kama wanakubali kulala inje na kujipikia. Njo vile tulitoka: Vieux, mukaniki mwenye kuwa tayari mu retraite, mama mumoja wa laboratoire, sisi wote tunamuita Mama Delege, kijana mumoja shofere wa malori, na miye.

Yule kijana njo alikuwa ramani yetu. Miaka sita alibeba shaba kutoka Kolwezi mpaka bandari ya Walvis Bay. Watu wa kwetu wanajua sana njia ya Dar es Salaam na ile ya Durban. Hii ya magaribi wengi hawaijui. Unapita Kasumbalesa, unaingia Zambia, Lusaka, Livingstone, mpaka Sesheke. Pale kuna daraja kubwa juu ya Zambezi, lililofunguliwa mwaka 2004. Ukivuka, uko Katima Mulilo, ndani ya Namibia. Kiisha Rundu, Grootfontein, Otjiwarongo, Karibib, mpaka bahari. Yote pamoja inafika kama kilomita 2 500.

Kwa njia ile shaba yetu inashuka. Na kitu gani inapanda? Samaki. Wale Thomson tunakulaka na bukari hapa Lubumbashi, wengi wao wanavuliwa mu bahari ya Namibia, wanapanda wakiwa wagandishwe na barafu. Mama Delege aliposikia vile akacheka: «Kumbe hawa batu banatujuaka kwa tumbo tangu zamani, na siye hatubajue hata kwa jina!»

Sheria ya Vieux

Juma nzima mbele ya kutoka, Vieux alikuwa anaandika mu kakaye kamoja. Alitusomea kama mwalimu: mapine mawili ya akiba, hapana moja. Pompi ya upepo. Tuyo na mikaba ya akiba. Jembe na mbao mbili za kutoa motokari mu muchanga. Kuni za kutosha, juu kule hawakubali mutu akate hata kamuti kamoja. Na maji.

Juu ya maji alisimama muda murefu. «Mutu mumoja, litre tano kwa siku, ya kunywa na kupika. Watu wane, litre makumi mbili: ni bidoni moja kwa siku. Siku tatu pasipo kisima, bidoni tatu. Na ya ine ni ya motokari. Ile hakuna mutu kuigusa, hata akilia.»

Tulicheka. Fikirieni wenyewe: Lubumbashi inapata zaidi ya milimita 1 000 za mvula kila mwaka. Pwani ya Namib haifike hata milimita 20. Mutu mwenye kukomea mu mvula yetu, ukimuambia apime maji kwa litre, anaona unafanya mchezo.

Sheria zingine alitufundisha mu njia. Ku lami unaacha upepo wa kawaida mu mapine. Ku changarawe unapunguza kidogo. Ku muchanga unapunguza sana, kusudi pine ijitandaze kama muguu wa ngamia. Ku changarawe usipite kilomita 80 kwa saa, juu ukikata kona na mbio, motokari inapinduka peke yake, pasipo kugongana na mutu. Usitembee usiku, juu ya nyama za pori. Usitandike hema mu muto mukavu, hata ukiona muchanga muzuri: mvula inaweza kunyesha mbali sana, wewe huisikie, na usiku maji inakuja. Na ile kubwa kuliko zote: motokari ikikufa, baki ku motokari. Motokari inaonekana kwa mbali. Mutu mwenye kutembea haonekane.

Kule wanatembeaka ku mukono wa kushoto, na usukani wetu uko pia kushoto. Kupita lori ilikuwa kazi. Mama Delege alikaa mbele, upande wa kuume, yeye njo alikuwa macho ya shofere: «Pita!», ao «Bakia!» Zambia muzima tulipita kwa sauti yake.

Kobalti kutoka mbinguni

Karibu na Grootfontein tuliacha lami kidogo tukaangalie jiwe la Hoba. Ni chuma nzima iliyoanguka toka mbinguni mu wakati wa zamani sana. Mulimaji mumoja aliipata mu shamba lake mwaka 1920. Wanakadiria iko na uzito wa tani 60, na haijatoka pale ilianguka. Zaidi ni chuma, nikeli kama asilimia 16, na kobalti kidogo.

Kobalti! Mama Delege, mwenye kupimaka kobalti kila siku mu laboratoire, aliweka mukono juu yake, akanyamaza. Vieux akasema: «Bahati yake ilianguka huku. Kwetu, kesho yake tungekuta shimo tu.»

Tukalala Tsumeb, muji wa shaba kama miji yetu. Ukiona mnara wa chuma wa shimo la zamani katikati ya muji, unasema uko Likasi. Mugodi ule mukubwa ulifungwa mu miaka ya 1990. Kwa sisi watu wa sendika, Tsumeb iko na historia ingine. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1971, wafanyakazi wa mukataba wa Namibia walianzisha mugomo mukubwa, ukafika mpaka mu migodi, Tsumeb pia. Walikuwa wanapinga namna ya kuandikwa kazi iliyowafanya kama mizigo: kutoka mbali, kukaa mu kambi pasipo bibi na watoto, na kurudishwa mukataba ukiisha. Hapa kwetu, mwezi ule ule wa kumi na mbili, lakini mwaka 1941, askari walipiga risasi wafanyakazi wenye kugoma ku stade ya Lubumbashi. Usiku ule mu Tsumeb tuliongea habari hizo mpaka moto ukazimika.

Kulala inje

Kutoka Usakos, mvula inabakia nyuma yako. Majani inakuwa mafupi, miti inakuwa mifupi, kiisha inaisha kabisa. Tuliacha lami, tukafika Spitzkoppe jua likiwa linashuka. Ni mulima wa mawe mekundu, wenye kusimama peke yake mu uwanja mutupu; ncha yake iko ku metre 1 728. Wenyeji wa pale njo wanachunga mahali pa kulala: kila motokari na kona yake kati ya mawe, umbali mukubwa kutoka kwa jirani. Ku mawe ingine kuna picha za nyama na watu, walizochora wawindaji wa zamani.

Tulipika bukari na ndakala. Kisha kula tulizima taa. Wasomaji, miye nimefanya kazi ya chini ya udongo, najua giza. Lakini ile haikuwa giza. Nyota zilikuwa nyingi mpaka uliona kivuli cha mukono wako. Na hakuna kelele: hapana groupe, hapana bar, hapana mbwa. Masikio inatafuta kitu ya kusikia, inapata damu yako mwenyewe.

Pembeni yetu kulikuwa watalii wawili wazee kutoka Ujerumani, na hema juu ya motokari yao ya kukodi. Walikuja kutusalimia, wakasema miaka yote ya kazi walikuwa wanachunga makuta kusudi walale inje namna hii. Kijana wetu shofere alicheka mpaka akakaa chini. Tukamuuliza sababu.

«Banalipa kusudi balale inje!» akasema. «Miye nililala inje miaka sita, bila mutu kunilipa hata franc juu ya ile usiku.»

Halafu akatuelezea. Siku tatu, mara ingine juma, mu mustari wa malori ku mupaka. Unalala chini ya remorque, juu ukilala ndani bataiba mafuta. Unaoga na chupa moja. Mukataba unasema unalipwa kwa safari. Masiku ya kungojea haihesabiwe. Mama Delege alitoa kakaye kake, akaandika pale pale, kwa mwangaza wa moto. Mu sendika yetu tulizoea kusema shaba inaanzia ku shimo na inaishia ku mulango wa mugodi. Ile usiku tuliona kwamba inaendelea bado kilomita 2 500, na watu wenye kuibeba hawako mu karatasi zetu.

Kilima cheupe

Kesho yake tulipita Uis. Kwa mbali unaona kilima cheupe, unafikiri ni chumvi. Ni mabaki ya mugodi wa etain, ile chuma ya kulehemia. Bei ya etain ilianguka mu dunia mwaka 1985, na mugodi ulifungwa karibu na wakati Namibia ilipata uhuru, mwaka 1990. Muji ulibakia na barabara zake pana, nyumba za kampuni, na ule mulima mweupe. Tulinunua mafuta, tukanywa chai, tukaendelea. Nilikumbuka tu nyumba za matofali zenye kufanana, zilizojipanga mustari kama zetu za cité. Sikujua bado kwamba Uis itarudi kututafuta.

Kutoka pale unashuka mpaka bahari. Baridi ilitukamata! Maji ya bahari ya kule ni baridi, na asubuhi yanaleta ukungu muzito unaoingia mbali mu jangwa. Ule ukungu njo mvula yao. Kuna mududu mumoja mweusi anasimama juu ya muchanga, kichwa chini, mugongo juu, ukungu unageuka maji ku mugongo wake na kushuka mpaka mu kinywa. Kuna muti wanauita welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote, na ingine inapita miaka 1 000. Kila kitu chenye kuishi kule kinajua hesabu yake ya maji.

Ya mukutano sitasema mengi, juu tutayaandika siku ingine. Tulifika mpaka Arandis, muji uliojengwa mu miaka ya 1970 kwa wafanyakazi wa Rössing, mugodi wa uranium wenye kuchimbwa tangu 1976. Sisi wa inchi ya Shinkolobwe tulikuwa na maulizo mengi. Lakini wao njo walitushinda kwa ulizo moja: «Kwenu, mugodi ukiisha, mumepanga nini?» Tulijibu namna tunajibiaka siku zote: migodi yetu ni mingi, moja ikiisha, ingine itafunguliwa mbele. Walitutazama na heshima, hawakusema kitu.

Kosa langu

Mukutano uliisha mbele ya siku iliyopangwa. Tulikuwa na siku tatu mu mukono. Kijana akasema na haya: «Bakubwa, miaka sita niko napita huku ku lami. Ile milima ya muchanga mwekundu ya ku picha, sijaionaka.» Nani atakataa? Tulipanga kurudi kwa njia ya ndani: kutoka Walvis Bay, kupita bonde la Kuiseb, Solitaire, mpaka Sesriem, kiisha Windhoek na kwetu.

Asubuhi ya kutoka Walvis Bay, bidoni mbili zilikuwa zimejaa, mbili zilikuwa zimekauka. Ku kituo cha mafuta kulikuwa mustari murefu mbele ya robinet. Vieux alikuwa anapima mapine. Aliniambia: «Jaza.» Miye nikatazama mustari, nikatazama saa, nikajibu: «Vieux, tuko na litre makumi ine. Maji tutakuta mbele.»

Usiku ule tulilala karibu na Kuiseb. Muto ule unatenganisha jangwa vipande viwili: kusini milima ya muchanga, kaskazini uwanja wa mawe. Mu wakati wa vita, tangu 1940, wajuzi wawili wa mawe kutoka Ujerumani, Henno Martin na Hermann Korn, walijificha mu bonde lile zaidi ya miaka miwili, pasipo kufa na kiu, juu walijua mahali pa maji. Miye nilikuwa najua mahali pa maji: ndani ya bidoni. Tulipika, tukakunywa, na asubuhi, juu ya vumbi, niliosha kichwa, mikono, miguu. Na sabuni. Kama mutu mwenye kuwa kwake.

Kiisha tuliacha barabara kubwa, tukakamata kanjia kadogo kwenye watalii wa Ujerumani walituonyesha ku ramani, kwamba kuko kuzuri. Kuko kuzuri kweli. Njo kule moshi mweupe ulitoka.

Sasa naweza kuwajibia. Tulikuwa na litre kumi na saba.

Vieux aliweka tuyo mupya. Tukamimina litre kumi na moja mu radiatere. Tukawasha. Kumbe jiwe lilikuwa limepiga radiatere yenyewe chini, na sisi hatukuiona. Maji yote ikaanguka mu muchanga. Muchanga ulikunywa mbele tuweke hata sahani. Dakika mbili, pale palikuwa pakavu.

Ilibaki litre sita. Watu wane.

Vieux alifinya midomo ya radiatere na pensi, moja moja, mpaka ikafunga. Mbele ya giza motokari ilikuwa tayari. Lakini pasipo maji haiende, na maji ilikuwa ya kutuponyesha siye. Tukafanya baraza. Kijana alitaka kwenda na miguu mpaka barabara kubwa. Alisema ni kama kilomita makumi tatu, usiku ni baridi, ataweza. Vieux akakataa mara tatu. Miye sikuwa na neno la kusema, juu nilijua nani alituingiza mule.

Mama Delege hakupiga kelele. Alikaa juu ya bidoni tupu, akasema polepole: «Kamarade, kama patron njo angefanya vile ulifanya, kuacha maji juu ya mustari wa nusu saa, leo tungekuwa tumeisha kumuandikia barua. Na barua ungeiandika wewe.»

Ni kweli. Miaka kumi na tano najifanya mutu wa usalama. Nilisimamishaka kazi mu shimo juu ya kofia moja yenye kupasuka. Na siku nilipewa miye mwenyewe kuchunga, nilisema neno lile lile wakubwa wanatuambiaka: usijali, tutaona mbele.

Alama njo alipima maji na kikombe cha chai, kila mutu vikombe viwili jioni, viwili asubuhi. Hivi ndivyo Mama Delege alituongoza usiku mzima. Hakuna motokari hata moja ilipita.

Mutu wa niveleuse

Saa mbili asubuhi tulisikia mashini mbele ya kuiona. Ilikuwa niveleuse, ile ya kusawazisha barabara, manjano, yenye kuvuta kanyumba ka magurudumu na tanki ya maji. Wafanyakazi wa barabara wa kule wanaishi vile, majuma mu jangwa, nyumba nyuma ya mashini.

Alishuka mwanaume wa miaka karibu makumi sita. Hakuuliza sisi ni nani. Aliuliza kwa Kiingereza, kijana akatutafsiria: «Mumekunywa leo?» Halafu alijaza bidoni zetu mbili. Tulitoa makuta, akakataa. Mama Delege akamupatia ndakala na kitenge kwa bibi yake, ile akakubali.

Tulipomwambia sisi ni watu wa migodi, uso wake ulibadilika. Yeye ni mutoto wa Uis. Alianza kazi ku mugodi wa etain kijana, pamoja na baba yake. Alituelezea bila uchungu, kama mutu anayesimulia habari ya jirani. Watu waliona bei inaanguka, miaka inapita. Kila mutu alisema: hawataweza kufunga, muji muzima unaishi na mugodi huu. Kiisha wakasema: kampuni ingine itakuja. Baba yake hakuwa na kitu ya pembeni: nyumba ya kampuni, maji ya kampuni, munganga wa kampuni. Siku ilipofika, ilikuwa siku moja tu.

«Na kampuni ingine, ilikuja?» Vieux akauliza.

«Ilikuja,» akajibu. Na ni kweli, uchimbaji wa etain ulianza tena Uis mu miaka hii ya nyuma. «Lakini baba aliisha kufa. Miye nilikuwa niko huku, nasawazisha barabara.»

Kati ya kufunga na kufungua ilipita karibu miaka makumi tatu. Musiseme ni habari ya mbali. Kipushi ilisimama mwaka 1993, na kutoa zinki ilianza tena mwaka 2024. Nani kati yetu hana ndugu Kipushi mwenye kungojea mpaka akazikwa?

Tulifika Solitaire, ile pompe moja ya mafuta kati ya jangwa, na mizoga ya motokari za zamani inje. Pale nilisimama mu mustari wa robinet pasipo mutu kunituma. Bidoni ine. Kesho yake, Sesriem, kijana wetu alipanda mulima wa muchanga mwekundu jua likitoka. Ile mirefu inapita metre 300. Tulimuona anakuwa kadogo, kadogo, mpaka juu. Alipiga kelele jina la mama yake. Aliposhuka, viatu vimejaa muchanga, hakutaka kuvimwanga. Alifika navyo mpaka Kasumbalesa.

Bidoni ya ine

Tangu tumerudi, kuna hesabu moja hainiachi. Code minier yetu, namna ilivyorekebishwa mwezi wa tatu mwaka 2018, inagawanya redevance ya migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye mugodi, na 10 kwa Fonds minier pour les générations futures. Tena kampuni inapashwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Ile asilimia 10 njo bidoni ya ine ya Vieux: haiguswe, hata mutu akilia. Ni ya siku radiatere itapasuka. Na siku ile itafika, juu hakuna mugodi usiokuwa na mwisho.

Mu sendika tunajua kupigania mushahara wa mwezi huu, na ni haki. Lakini ni delege ngapi kati yetu waliisha kuuliza, mu mukutano na wakubwa: siku ya kufunga imeandikwa wapi, na makuta ya kufunga iko wapi? Ni eneo ngapi zinabandika ku ukuta wa bureau ile asilimia 15 zilipokea, kusudi mama wa soko asome? Miye, mu miaka kumi na tano, sikuulizaka hata mara moja. Nilikuwa najua maji tutakuta mbele.

Tumeanza na vitu viwili. Cha kwanza, tumeandika ombi kwamba masiku ya kungojea ku mupaka ihesabiwe kama kazi kwa washofere wenye kubeba shaba ya mugodi wetu. Kijana njo alituandikia orodha ya masiku na mahali wanalala. Cha pili, tumeomba kampuni ituonyeshe mupango wa kufunga mugodi, karatasi mu mukono, hapana maneno. Jibu halijafika. Tutarudi kuuliza.

Na kwa wale watataka kufuata njia ile, muende, ni safari mutu hasahau. Toka na karatasi zote, mapine mawili, motokari yenye kuangaliwa na mukaniki mwenye hasira. Nunua kuni mu muji. Simama mbele ya giza. Na ukikuta robinet yenye mustari murefu, ingia mu mustari.

Ku bureau ya sendika, Mama Delege aliweka moja ya zile bidoni zilizokuwa zimekauka chini ya meza ya mukutano. Kila mara mutu anasimama kusema tusiwe na wasiwasi, mambo itajipanga yenyewe, yeye anaigonga na muguu. Inalia tupu. Halafu anamuuliza, na sauti ile ile ya Vieux: «Tuko na maji ngapi?»